Rangi za Mimea Kuwa Shahidi wa Chakula Chetu

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Desturi ya sherehe kama hii ni katibu kusoma hesabu za mazao na fedha. Lakini hesabu hizo Mhasibu amekwisha kuzisoma, nanyi mmezipigia makofi kwa haki. Kwa hiyo naomba ruhusa yenu niseme juu ya jambo jingine, ambalo mwanzoni laweza kuonekana kama ni la wataalamu wa mbali, walakini mizizi yake imo katika mashamba yetu wenyewe. Nataka kuzungumza juu ya rangi zitokazo katika mimea, na jinsi zinavyotiwa katika vifungashio vya chakula ili zitoe habari: chakula hiki kingali kizima, au kimeanza kuharibika.

Kabla ya hayo, sharti nikumbushe jambo moja ambalo baadhi yenu mnalijua. Katika mwaka wa tatu wa Chama hiki, siku moja ya masika, maziwa ya kituo chetu kimoja yalipokelewa alfajiri, yakapimwa, yakakubaliwa. Gari la mnunuzi lilichelewa kwa ajili ya matope. Lilipofika keni zikapakiwa, na jioni ikaja habari kwamba shehena nzima imekataliwa kwa kuwa imechachuka. Hasara ikagawanywa kwa wanachama wote wa kituo kile. Wakati huo nilikuwa karani, na mkono huu mnaouona ndio ulioandika makato.

Katika mkutano mkuu uliofuata akasimama mama mmoja mwenye ng'ombe wawili, akaniuliza: "Mwanangu, maziwa yangu yaliharibikia mikononi mwa nani?" Wafugaji walisema ni gari. Dereva alisema ni kituo. Mimi nikafungua daftari, nikasema kwamba imeandikwa maziwa yalikuwa mazima. Yule mama akaketi. Mwaka uliofuata Halmashauri iliwarudishia wanachama nusu ya makato yale. Lakini swali lake halikujibiwa, na kwa kweli hatukuwa na njia ya kulijibu. Ninayoyasema leo nayasema kwa ajili ya swali hilo.

Mabibi na Mabwana, mimi si mwanakemia. Elimu yangu iliishia kidato cha nne. Lakini hata katika elimu hiyo ndogo nilifundishwa jambo lililonikaa moyoni. Shule yetu haikuwa na karatasi za litmasi, yaani zile zigeukazo rangi zikiguswa na tindikali au na magadi. Mwalimu alitutuma kuchuma maua mekundu yaliyoota uani, tukayaponda, tukayatia katika spiriti, tukapata maji yenye rangi. Tukayagawa katika vikombe viwili. Katika kimoja tukakamua limau: rangi ikawa nyekundu ya kung'aa. Katika cha pili tukatia maji ya majivu: rangi ikageuka, ikawa kijani. Tulishangaa kama watu walioona mazingaombwe. Mwalimu akacheka, akasema ua halina uchawi, bali linajibu likiulizwa.

Jambo hilo si geni duniani. Mwaka 1664 mtaalamu wa Uingereza, Robert Boyle, alichapisha kitabu juu ya rangi, na humo akaeleza jinsi maji matamu ya maua ya urujuani yanavyokuwa mekundu yakitiwa tindikali, na kijani yakitiwa alikali. Mwaka 1835 Mjerumani Ludwig Clamor Marquart alizipa rangi hizo jina la anthosianini, kutokana na maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya ua na buluu. Baadaye mwenzake, Richard Willstätter, alionyesha kwamba rangi moja hiyo hiyo yaweza kuonekana nyekundu katika waridi na buluu katika ua jingine. Naye kwa kazi yake juu ya rangi za mimea alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1915.

Sasa tutazame nyumbani. Anthosianini ndiyo iletayo wekundu wa choya tunayoipikia sharubati. Imo katika viazi vitamu vya zambarau, katika kabichi nyekundu, na katika maganda ya bilinganya. Ikiwa penye tindikali nyingi huwa nyekundu. Tindikali ikipungua huelekea zambarau, kisha buluu, kisha kijani. Na alikali ikizidi sana huishia manjano.

Manjano yenyewe, yaani bizari hii tuichimbayo, ina rangi nyingine iitwayo kurkumini. Akina mama hapa wanajua tabia yake kuliko wataalamu wengi. Mchuzi ukimwagikia kanzu nyeupe, doa huwa la manjano. Ukilipaka sabuni ya mche, papo hapo doa hugeuka jekundu kama damu. Ukisuuza na kukamulia limau, hurudi manjano. Wengi tumedhani kwamba sabuni ni mbaya. La, sabuni ni alikali, na kurkumini imetoa habari zake.

Je, mambo haya yahusianaje na chakula? Chakula kinapoharibika, hali yake ya tindikali na alikali hubadilika. Wataalamu hupima hali hiyo kwa kipimo cha pH, ambacho 7 ni katikati. Chini ya hapo ni tindikali, juu yake ni alikali. Maziwa mazima yaliyotoka kwa ng'ombe huwa kati ya 6.6 na 6.8. Vijidudu vikiyaingia, navyo katika joto huongezeka upesi mno, hula sukari ya maziwa na kutoa tindikali. Kipimo hushuka, na kikifika karibu na 4.6 maziwa huganda. Samaki na nyama huenda njia ya kinyume: vijidudu huvunja nyama na kutoa hewa kali zenye asili ya amonia, ile harufu tuijuayo sokoni saa za alasiri. Hewa hizo ni alikali.

Basi wataalamu wakawaza hivi: tukiitia rangi ya mmea katika utando mwembamba, na utando huo tukauweka ndani ya kifungashio, karibu na chakula, je, hautabadilika rangi kwa kadiri chakula kinavyoharibika? Wakajaribu, na wakaona ndivyo. Utando wenye kurkumini uliowekwa juu ya samaki au kamba huanza ukiwa wa manjano, na hewa za uozo zikizidi huelekea wekundu wa kahawia. Utando wenye anthosianini hutoka zambarau au waridi ukaelekea buluu na kijani penye samaki. Na penye maziwa yanayochachuka huelekea waridi. Majaribio ya namna hii yamefanywa katika vyuo vya nchi nyingi, na kila mwaka yanaongezeka.

Utando wenyewe nao hutokana na vitu vya namna ya mazao yetu. Wanga wa muhogo huchemshwa katika maji hata ukawa uji mzito unaong'aa. Hutiwa gliserini kidogo ili utando usikauke na kuvunjika kama ganda la yai. Uji ukipoa kiasi, kwa sababu joto kali huiharibu rangi, hutiwa maji ya choya au ya manjano, kisha humwagwa juu ya sinia tambarare na kuachwa ukauke polepole. Ukikauka hubanduliwa, nao huwa mwembamba na laini. Badala ya wanga, wengine hutumia karagini itokayo katika mwani, ule ambao ndugu zetu wa Zanzibar wameulima kwa biashara tangu mwaka 1989, na ambao katika pwani yetu hii ya Tanga hulimwa pia. Wengine hutumia kitosani, itokayo katika maganda ya kamba.

Yawezekana mzee mmoja hapa anasema moyoni: Katibu atuletea hadithi. Namwomba akumbuke zahanati yetu. Mama anapompeleka mtoto kuchanjwa, muuguzi hutazama alama ndogo iliyo juu ya kichupa cha chanjo: mraba ndani ya duara. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni njema. Ukilingana na duara kwa weusi au kuupita, chanjo hutupwa, kwa kuwa imepata joto kupita kiasi. Alama ile haikutengenezwa kwa choya. Lakini ni ya ukoo huo huo. Ilianza kutumika kwa chanjo ya polio mwaka 1996, na tangu hapo muuguzi wa kijijini, asiye na maabara, ameweza kuijua safari ya kichupa kilichovuka bahari. Kama kichupa cha chanjo chaweza kuwa na shahidi wake, mbona keni ya mfugaji isiwe na wake?

Hata hivyo, ndugu wanachama, ningekuwa mdanganyifu kama ningewasifia jambo hili na kuficha upungufu wake. Ushirika umewahi kuumizwa na maneno matamu, nami sitaki kuongeza mengine.

Kwanza, rangi hizi ni dhaifu. Jua huzififisha, joto huziharibu, na hewa huzipunguza nguvu. Utando wa wanga nao hulainika ukilowa, na rangi yaweza kuvujia ndani ya chakula.

Pili, kila chakula na rangi yake. Manjano yanayofaa kwa samaki hayafai kwa maziwa, kwa sababu kurkumini penye tindikali hubaki manjano vile vile, maziwa yawe mazima au yamechachuka. Kadhalika, utando uliotengenezwa kwa maziwa mabichi haufai kwa mtindi, maana uchachu wa mtindi ndio uzuri wake.

Tatu, maziwa hukataliwa kiwandani hata kabla uchachu haujazidi sana, na badiliko dogo la namna hiyo si rahisi kuonekana kwa jicho. Kwa hiyo hata leo kipimo cha spiriti, ambacho mabwana na mabibi wapokeaji wetu wanakijua, hakijapata mrithi.

Nne, na hili ndilo kubwa: utando huona uharibifu ule tu unaogeuza tindikali au kutoa hewa. Hauoni maji yaliyotiwa katika maziwa. Hauoni dawa ya ng'ombe iliyobaki katika maziwa. Hauoni sumukuvu katika mahindi, sumu iliyoua watu katika mikoa ya kati ya nchi yetu mwaka 2016. Vijidudu vingine viletavyo maradhi navyo vyaweza kuwamo bila rangi kubadilika. Mtu akiona rangi njema asidhani kwamba amepewa hati ya usalama. Kwa ajili hiyo Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya mwaka 2004, ulikataza vifungashio vya aina hii kutoa habari za kumpotosha mlaji, na mwaka 2009 ukatunga kanuni zake mahsusi. Hapa kwetu, tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula imekuwa mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, na hakuna kitu cha namna hii tuwezacho kukigusisha na chakula cha kuuza kabla ya kwenda kwao.

Tano, juu ya biashara. Nimekwisha kusikia vijana wakisema kwamba tung'oe mahindi tupande choya. Nawasihi msifanye hivyo. Rangi inayotakiwa katika utando ni kidogo sana. Shamba dogo lingetosha kwa tando nyingi mno. Choya ina soko lake la majani ya chai na sharubati, na manjano yana soko lake la viungo. Hayo ndiyo masoko ya leo. Faida ya jambo hili kwetu haimo katika kuuza rangi. Imo katika kutopoteza chakula ambacho tumekwisha kukitolea jasho.

Na hasara hiyo si ndogo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2019 kwamba karibu asilimia 14 ya chakula cha dunia hupotea baada ya kuvunwa na kabla ya kufika madukani. Sisi wakulima ndio tunaokaa katika sehemu hiyo ya safari. Kinachopotea huko hupotea kikiwa bado ni mali yetu, au, kama mlivyosikia, hukatwa katika fedha zetu hata kikiwa kimetoka mikononi mwetu.

Hapa narudi kwa yule mama. Nimefikiri sana juu ya swali lake, na nimeona kwamba halikuwa swali la kemia. Alitaka kujua ni nani aliyekuwa ameshika keni saa ile maziwa yalipogeuka. Utando wa rangi, hata ukikamilika, hautamtaja mtu. Utaonyesha tu kwamba hapa palikuwa na zambarau na pale pana waridi. Aliyepokea sharti autazame, aandike, na aliyeleta aone kilichoandikwa. Shahidi akisema kweli, na karani akafunga daftari, ushahidi umepotea. Mimi siku ile niliandika neno moja tu, "mazima", saa kumi na moja na nusu alfajiri. Sikuandika saa gari lilipofika. Sikupima tena wakati wa kupakia. Kama ningalifanya hivyo, mama yule angalipata jibu hata bila ya utando wowote. Upungufu huo ulikuwa wangu, nami naukiri mbele yenu.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba kuleta mashauri manne mbele ya Mkutano.

Shauri la kwanza: kuanzia mwezi ujao kila kituo kiwe na daftari la makabidhiano. Kila mara keni inapohama mkono, iandikwe saa, joto la maziwa, na matokeo ya kipimo cha spiriti. Na pande zote mbili zitie sahihi. Asiyejua kuandika atie dole gumba baada ya kusomewa.

Shauri la pili: mnunuzi yeyote atakayefunga mkataba nasi akubali kupima mbele ya mjumbe wetu, wakati wa kupakia na wakati wa kushusha. Makato yasiyo na vipimo hivyo viwili yasiandikwe katika vitabu vyetu.

Shauri la tatu: tuiombe shule yetu ya sekondari ifanye majaribio pamoja nasi. Karatasi za kuchujia zilizochovywa katika maji ya choya na kukaushwa kivulini zinaweza kutengenezwa kwa gharama ndogo. Ziwekwe pamoja na maziwa ya mfano, yasiyouzwa wala kunywewa, na watoto wetu waandike kila saa rangi iliyoonekana na kipimo kilichopatikana. Karatasi hizo zisiguse chakula cha kuuza hata kidogo. Faida ya kwanza itakuwa elimu, na hiyo haichachuki.

Shauri la nne: Halmashauri iandike barua kwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kule Morogoro, kuomba ushauri wa wataalamu, ili siku vifungashio hivi vitakapokuwa tayari kwa matumizi ya watu tusiwe wa mwisho kuvijua. Tangu tarehe 1 Juni 2019 nchi yetu imeiacha mifuko ya plastiki ya kubebea. Nami naamini kwamba katika kutafuta vifungashio vingine, muhogo, mwani na choya vitakuwa na neno la kusema. Afadhali tuwepo wakati neno hilo linaposemwa.

Wanachama wenzangu, miaka kumi iliyopita wazee hawa walikutana chini ya mwembe wakiwa na mizani moja. Walinunua mizani kabla ya kununua meza, kwa kuwa walijua kwamba mkulima hawezi kumwamini mtu asiyeonyesha kipimo chake. Ushirika wetu ulianzia hapo, katika kipimo kinachoonekana na wote. Ninayoyaomba leo ni kipimo hicho hicho kiifuate keni njiani hata mwisho wa safari yake.

Yule mama yupo hapa leo. Ameketi safu ya tatu, na sasa ana ng'ombe wanne. Mama, sikukujibu mwaka ule, na leo pia siwezi kukwambia maziwa yale yaliharibikia mikononi mwa nani. Ninaloweza kukuahidi, Mkutano ukikubali mashauri haya, ni kwamba ukiniuliza tena, nitafungua daftari nawe utajibiwa.